Andikeni na pale rezo inapokufa
Wanamemba wanaojitolea kupima mtandao wa wavu kwenye milima ya Bukavu wanafanya nini, na ushirika wako unahusika wapi



Kuna swali tunaloulizwa kila tukipita kwenye mikutano ya vyama, kuanzia Kabare mpaka Kalehe. Wale vijana na akina mama wanaopanda mlima na telefone mkononi, wanasimama kila baada ya hatua mia moja, wanaandika kitu kwenye kaye, halafu wanaendelea: wanatafuta nini? Wengine wanadhani ni watu wa kodi. Wengine wanaogopa kwamba mashamba yanapimwa ili yauzwe. Jibu fupi ni kwamba wanatafuta rezo, lakini siyo ile ya Vodacom, Airtel au Orange. Wanapima mtandao wa wavu wa redio, na wanafanya hivyo bila mshahara. Jibu refu ndilo tunaliandika hapa, kwa sababu tunaamini kazi hii ikifanywa nusu nusu inaweza kumuumiza mkulima kuliko isingefanywa kabisa.

Tuanze na wavu wenyewe. Rezo ya telefone tuliyoizoea ina mnara mkubwa mlimani, na telefone zote za pale zinaongea na mnara huo. Mnara ukizima, kata nzima inazima. Kwenye wavu hakuna mkubwa. Kila kifaa kidogo cha redio, kiwe juu ya paa la shule, la depo ya ushirika au la nyumba ya mtu wa kawaida, kinasikia majirani zake na kuwapitishia ujumbe, kama watu wanaopeana ndoo za maji mkono kwa mkono nyumba inapoungua. Wavuvi wa sambaza wa ziwa letu hawahitaji maelezo mengi hapa. Tundu moja la wavu likikatika, bado unavua. Yakikatika matundu kumi mahali pamoja, hapo si wavu tena, ni mlango wa samaki. Mtu anayepima rezo ya wavu anatafuta milango ya namna hiyo.

Vifaa viko vya aina mbili, na tusivichanganye. Kuna vinavyotumia WiFi, ileile iliyomo ndani ya telefone yako. Hivyo vinabeba vitu vizito: picha, sauti, hata intaneti ikiwepo. Lakini havipendi miti, na kila ujumbe unaporuka kutoka kifaa kimoja hadi kingine kasi inapungua. Kifaa chenye redio moja tu kinapoteza karibu nusu ya kasi kwa kila mruko. Aina ya pili inaitwa LoRa. Hii inabeba maneno machache tu, herufi kama 200 kwa ujumbe mmoja, ila inakwenda kilomita nyingi kwa nguvu ndogo ambayo pano dogo la jua linatosha kuilisha. Programu ya bure inayotumiwa sana na watu wa kujitolea kwa ajili ya LoRa inaitwa Meshtastic, na ilianza mwaka 2020. Huko, ujumbe kwa kawaida unaruhusiwa kuruka mara 3, na unaweza kuongezwa mpaka 7, hapana zaidi. Shikeni hiyo namba 3, tutairudia.

Kwetu jambo hili si geni kama wengi wanavyofikiri. Shirika la Internet Society lilipotoa ripoti yake ya mwaka 2017 kuhusu mitandao ya jamii barani Afrika, lilihesabu mipango 37 katika nchi 12, na Mesh Bukavu, wavu wa mji wetu huu, ulikuwa mmoja wao. Mwaka 2016 kisiwani Idjwi kulianzishwa Pamoja Net, mtandao wa jamii uliopokea mawimbi yaliyovuka maji kutoka bara. Na sote tunakumbuka kwa nini watu wa hapa walianza kutaka kitu chao wenyewe. Januari 2015 intaneti ilikatwa nchini. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikakatwa tena, na ikarudi baada ya siku karibu 20 hivi. Mtu aliyekuwa na kahawa deponi siku hizo anajua maana ya kutojua bei.

Hapa tuseme wazi, maana kuna watu wanaouza ndoto. Wavu hauzai intaneti. Mlango wa intaneti ukifungwa, wavu hautaufungua. Kinachobaki ni mazungumzo ya ndani: Kadutu na Bagira wanaendelea kupashana habari, depo na mlima wanaendelea kusikilizana, orodha ya bei iliyowekwa kwenye kompyuta ya ushirika bado inasomeka. Kwa mkulima, mara nyingi hicho ndicho kilichokuwa kinatakiwa.

Chukueni kahawa. Kahawa nyekundu iliyochumwa asubuhi inatakiwa imenywe siku hiyohiyo, na walio makini hawapitishi saa 8, la sivyo inaanza kuchacha ndani ya mfuko na ladha inaharibika. Sasa mama anashuka na mzigo mgongoni, saa mbili za mguu, anafika kwenye kituo cha kuoshea, ile tunayoita stasyo, anakuta mashini imekufa au mapipa yamejaa. Afanye nini? Kuurudisha mlimani haiwezekani. Anamuuzia mchuuzi aliyesimama pale pembeni, kwa bei ya mchuuzi. Wazee wa kando ya ziwa wanaweza kuwaeleza habari za miaka ambayo kahawa yetu ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na watu wangapi hawakurudi. Vyama vingi vya kahawa vya Kivu vilizaliwa ili safari hizo ziishe. Ujumbe wa maneno kumi, «leo msishushe, mashini iko mbovu mpaka kesho», unamlinda yule mama. Lakini unamlinda kama unafika kule anakochumia, siyo kama unafika barabarani tu.

Halafu kuna mvua. Hatutasahau tarehe 4 Mei 2023, maji na mawe yaliposhuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, siku ya Alhamisi, na zaidi ya watu 400 wakapotea. Hatusemi kwamba redio ndogo ingezuia mlima kushuka, wala hatujui nani angesikia nini siku ile. Tunasema tu kwamba mvua inaanza kuonekana juu kabla ya chini, na aliye juu anapaswa kuwa na njia ya kumwambia aliye chini hata kama hana uniti.

Ndiyo maana ramani ya wavu si kazi ya mafundi peke yao. Inaamua nani atasikia.

Fundi aliyekaa mjini anaweza kuchora ramani bila kutoka ofisini. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima urefu wa milima kwa rada. Vipimo hivyo, nukta moja kila mita 30 hivi, vilianza kutolewa bure kwa watu wote Septemba 2014, na Afrika ndiyo ilitangulia. Leo programu nyingi za redio zinavitumia. Unaweka kifaa chako kwenye ramani, unasema antena iko urefu gani, na kompyuta inapaka rangi: hapa patasikia, hapa hapatasikia. Inapendeza sana kutazama. Kwenye miinuko mikubwa inasema kweli pia, maana mgongo wa mlima haujasogea tangu mwaka 2000.

Tatizo ni yale yaliyosogea. Kompyuta haijui mikaratusi iliyopandwa juu ya Kabare miaka kumi iliyopita. Haijui gorofa mpya iliyoota Nguba au Ndendere. Haijui kwamba Cimpunda na Panzi nyumba zimebanana bati kwa bati. Na haijui kabisa kwamba mtu ametundika kifaa ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha la chuma, kwa kuogopa wezi. Bukavu ni mji wa mabonde na rasi. Mtu wa rasini anaweza kusikia kifaa kilicho ng'ambo ya maji, kilomita kadhaa, huku nyumba mbili za pande mbili za kilima kimoja, mita 300 tu kati yao, zisisikilizane hata neno moja.

Kuonana kwa macho nako hakutoshi, na hili linawashangaza wengi. Mawimbi hayapiti kama kamba nyembamba iliyovutwa. Yanapita kama muhogo: membamba miishoni, manene katikati. Kwa WiFi ya 5 GHz kati ya milima miwili iliyo mbali kilomita 5, ule muhogo katikati unanenepa mpaka mita 8 hivi kila upande wa mstari. Kwa 2.4 GHz ni mita 12. Kwa hiyo unaweza kuiona antena ya mwenzako vizuri kabisa, na bado vilele vya mikaratusi vilivyo chini ya macho yako vikawa vinalamba mawimbi njiani. Mkaratusi unarefuka mita kadhaa kwa mwaka. Njia iliyokuwa nzuri mwaka juzi inaweza kuwa imefungwa leo bila mtu kugusa kifaa chochote.

Basi lazima mtu atembee. Na kutembea kwenyewe kuna namna yake.

Anayepima anabeba kifaa kilekile siku zote, anakishika kwenye urefu uleule, tuseme usawa wa kifua. Mwili wa mtu ni maji mengi, nao unazuia mawimbi. Kwa hiyo akifika mahali anageuka taratibu pande zote nne na kuandika namba nzuri na mbaya. Namba hiyo ina alama ya kutoa mbele. Kwenye WiFi, -60 ni kama mtu anayeongea karibu yako. -75 ni mtu anayekuita kutoka mwisho wa shamba. -85 ni mnong'ono, na mara nyingi hapo maneno yanakatika. LoRa ina masikio makali zaidi, inaweza kupata hata -120. Msizihesabu namba hizo kama franga. Ukishuka 3, nguvu imebaki nusu. Ukishuka 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kutoka -70 mpaka -80 ni mbali sana. Mahali palipo wazi, umbali ukiongezeka mara mbili namba inashuka kama 6. Ikishuka ghafla 15 au 20 wakati umetembea kidogo tu, kuna kitu kimeingia katikati, na kazi yako ni kukiandika: migomba, ukuta, kilima, lori lililoegeshwa.

Sisi tunapendekeza kitu kimoja zaidi ya namba. Tumeni ujumbe kumi, mhesabu iliyojibiwa. Namba inaweza kuwa nzuri na ujumbe usifike, kwa sababu katikati kuna makelele ya vifaa vingine, au kwa sababu ile miruko 3 imekwisha kabla ya kufika deponi. Mkulima hanunui namba. Anataka kujua: nikituma kumi, ngapi zinafika?

Na sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Ukiangalia makaye ya watu wanaoanza kazi hii, utaona ndiyo, ndiyo, ndiyo, na karibu hakuna hapana. Si uongo. Mtu akifika mahali rezo imekufa, anaona hakuna la kuandika, anasogea mpaka irudi, kisha anaandika. Ni kawaida ya binadamu, nani anapenda kupeleka habari ya bure? Lakini matokeo yake ni ramani yenye nukta za kijani tupu na sehemu nyeupe kati yake. Na weupe huo hausemi kitu. Je, hapo palipimwa na hapasikiki? Au hakuna aliyefika? Au hapaishi mtu? Anayegawa vifaa, akiwa na antena tano mkononi na ramani mezani, ataona nyeupe na kudhani ni msitu. Vifaa vitakwenda kule kwenye nukta nyingi, yaani kule ambako tayari kuna rezo.

Kibera, Nairobi, wanalijua hili. Mtaa ule ulikuwa na watu wengi mno, lakini mpaka mwaka 2009 kwenye ramani za watu wote ulikuwa karibu doa tupu. Ndipo vijana wa palepale, katika kazi iliyoitwa Map Kibera, walipotembea na vifaa vya GPS na kuingiza njia, vyoo, shule na visima kwenye OpenStreetMap. Watu walikuwepo tangu zamani. Walikuwa hawajaandikwa tu.

Kwa hiyo hapana inaandikwa, na inaandikwa vizuri kuliko ndiyo, kwa sababu hapana ziko za namna nyingi. Kuna hapana ya kifaa kilichozimika: batri imeisha, mtu amechomoa waya ili achaji telefone yake. Hiyo si habari ya mlima, ni habari ya umeme, nayo inapona kwa kupiga simu. Kabla hujaandika, mpigie anayetunza kifaa cha karibu umuulize kama taa inawaka. Kuna hapana ya mlima, ambayo haitapona mpaka mtu aweke kifaa kingine juu ya mgongo. Kuna hapana ya majani, ambayo inaweza kuwa ndiyo mwezi wa saba na hapana mwezi wa kumi na moja. Na kuna hapana ya miruko, pale kifaa cha jirani kinasikika vizuri lakini depo haijibu. Hii ya mwisho ndiyo inayodanganya zaidi, maana telefone inaonyesha kwamba umeunganishwa. Kila hapana ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Ukiandika «hapana» tupu umefanya nusu ya kazi. Bado ni bora kuliko kunyamaza.

Jambo la pili ni njia. Anayepima kwa moto atapima barabara. Ukichora makaye mengi utaona nukta zinafuata barabara ya Kavumu na Katana kama shanga kwenye uzi. Lakini kahawa haichumwi barabarani, na maharagi hayalimwi kwenye goudron. Mama anayeteka maji anashuka bondeni. Kijana wa mbuzi anapita nyuma ya kilima. Wazee wamekaa juu kabisa ambako moto haifiki. Mjini ni vilevile: kuna ngazi za udongo Nyamugo na njia za kando ya mto Kawa ambazo gari halitaziona maisha yake yote, na watu wanaoishi huko ndio wanaoshika maji mvua ikinyesha. Tunaona ni busara ushirika ugawe kazi kwa njia, siyo kwa kata. Anayepita njia ya chemchemi kila siku ndiye aipime, saa ileile anapopita, akiwa na mzigo wake. Kwa kazi hii mama mwenye kaye anajua mlima wake kuliko fundi mwenye diploma, na tunalisema bila kumdharau fundi.

Kuhusu kaye hatuna mengi. Kwa kila nukta andikeni tarehe, saa, namba nzuri na namba mbaya, ujumbe uliojibiwa kati ya kumi, kifaa gani kilisikika, nini kipo katikati, na kama kulikuwa na mvua. Tarakimu za mahali zinatoka kwenye telefone hata bila rezo, mradi umekaa nje dakika mbili tatu ili isome satelaiti. Mahali pa wazi inakosea mita 5 mpaka 10, chini ya miti zaidi. Chungeni alama ya kutoa. Bukavu iko kusini ya ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza ni -2.5 hivi, na ya pili ni 28.8. Ukisahau ile alama ndogo, nukta yako inaruka zaidi ya kilomita 500 mpaka pande za Mungbere, kule Haut-Uélé. Ukigeuza namba, ya pili ikawa ya kwanza, umeweka ushirika wako katikati ya jangwa la Algeria. Tunacheka, lakini nukta ya namna hiyo inatupwa, na pamoja nayo jasho la siku nzima.

Sasa usalama, na hapa hatutanii. Katika nchi yetu, mtu anayetembea na antena, anasimama, anatazama milima na kuandika, anaweza kuchukuliwa kuwa mpelelezi. Kwa hiyo kwanza ni jambo kwa muzee wa kata, kwa shefu wa avenyu, kwa nyumba kumi. Waelezeni kabla, siyo baada ya kushikwa. Tembeeni wawili wawili, mchana, na barua ya ushirika yenye muhuri. Msipime karibu na kambi yoyote ya askari, karibu na vizuizi vya barabarani wala kando ya Ruzizi kwenye mpaka. Hapo acheni, na kwenye kaye andikeni «hatukupima». Hilo nalo ni jibu halali, na ni tofauti na hapana. Msipige picha za watu. Msiandike jina la mwenye nyumba penye kifaa. Andikeni namba ya kifaa, na majina yabaki kwenye daftari moja analolitunza katibu. Hakuna ndiyo moja ya ramani inayostahili mtu kulala ndani.

Ramani yenyewe pia ichungwe. Inayobandikwa ukutani kwenye depo ionyeshe maeneo kwa rangi, hapa pazuri, hapa pabovu, hapa hatujafika, bila kuonyesha paa la nani lina kifaa. Ile yenye nukta kamili wawe nayo wachache waliochaguliwa na mkutano. Ushirika ukiulizwa na mfadhili yeyote, sisi tukiwemo, unayo haki ya kutoa ile ya rangi na kubaki na ile nyingine. Msiogope kutukatalia.

Kuhusu sheria: mawimbi ya redio nchini yanasimamiwa na ARPTC, na sheria inayoongoza ni ile namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya telekomunikasyo. Kupima kwa telefone ni jambo moja. Kupandisha antena juu ya paa ni jambo jingine. Kabla ushirika haujaweka kifaa chake, kamati iulize kwa maandishi ni mawimbi gani yanaruhusiwa na kwa nguvu gani, na ihifadhi jibu. Muuzaji wa kifaa atawaambia hakuna shida. Yeye si ndiye atakayeitwa.

Kuna mzozo mmoja ambao hatuwezi kuukwepa, nao utatokea kwenye kila ushirika unaofanya kazi hii vizuri. Ramani ikikamilika itaonyesha mahali pa kuweka kifaa kinachofuata. Kwa hesabu ya watu, mara nyingi pazuri ni chini, karibu na soko, ambapo antena moja inawafikia wengi. Kwa hesabu ya hatari, pazuri ni juu, kwa kaya chache ambazo maji yanaanzia kwao na mzigo unaanzia kwao. Fundi hawezi kuwaamulia, wala sisi. Tukiulizwa maoni yetu, kifaa cha kwanza kiende juu: walio sokoni wana minara mingine ya kujaribu, na kifaa kilicho mgongoni mwa mlima kinasikika pande mbili. Lakini tumeona pia kifaa kilichowekwa juu kabisa kikakosa mtu wa kukifuta vumbi kwenye pano, na baada ya kiangazi kimoja kikanyamaza. Kwa hiyo kabla ya kupiga kura, ulizeni nani anaishi pale, na kama amekubali mwenyewe kukitunza.

Kwa vyama ambavyo tayari vimepima wakati wa kiangazi: msifunge makaye. Mvua za mwezi wa tisa zikianza, rudieni njia zilezile mara moja, hasa zile za chini ya migomba na kati ya mikaratusi, kwa kifaa kilekile na saa zilezile. Majani mabichi yanazuia, majani yaliyolowa yanazuia zaidi, na mtakuta baadhi ya ndiyo za mwezi wa saba zimegeuka. Ziandikeni kwa wino wa rangi nyingine kwenye mstari uleule, msifute ya zamani. Njia ambayo inasikika kavu na haisikiki mvuani iwekewe alama ya pekee, kwa sababu mvua ndiyo saa yenyewe tutakayoihitaji.

Makaye yaliyojaa yapelekwe kwa katibu wa ushirika kabla ya mavuno ya kahawa kuanza, mwezi wa pili au wa tatu. Baada ya hapo hakuna atakayekuwa na muda wa kusimama kila hatua mia.